Nywele Zioshwe Lini? Maongezi na Wateja wa Saluni wa Bukoba na Muleba



Tulipoomba nafasi ya kuzungumza nanyi, baadhi ya wenzetu kazini walitutania. Walisema ofisi ya umma imemaliza kazi ya mizani mibovu na bidhaa bandia, sasa imegeuka kuwafundisha watu wazima kuosha nywele. Utani huo tumeupokea, wala hatukuona sababu ya kubadili mada.

Sababu ni hii. Malalamiko mengi tuliyoyasikiliza juu ya kupaka rangi nywele huishia katika neno moja. Mteja anakuja na kichwa kilichochubuka, kitambaa amekifunga hadi juu ya nyusi. Anaeleza kwamba rangi ilianza kumchoma dakika chache baada ya kupakwa. Msusi anajibu: “Alikuja ameosha asubuhi ile ile, ndiyo maana.” Wiki nyingine anakuja mteja ambaye rangi yake imeshika mbele na kukataa kisogoni, kichwa kina mabaka. Msusi anajibu: “Hakuosha; nywele zilijaa mafuta.” Huyu ameosha akalaumiwa, na yule hakuosha akalaumiwa. Wote wawili wamekwisha kulipa, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa mapema afanye lipi.

Kwa hiyo leo tunataka kulimaliza swali hilo la kuosha, ili asiwepo mtu wa kulitumia kama kichaka cha kujifichia.

Tuanze na ngozi, maana nywele zikiharibika hukatwa zikaota nyingine, lakini ngozi ya kichwa ni ile ile. Ngozi hiyo hutoa mafuta yake yenyewe, membamba, ambayo hukaa juu yake kama kinga. Mtu anapoosha kichwa kwa nguvu saa mbili kabla ya kupakwa rangi, kinga hiyo huiondoa. Akitumia kucha, au chanuo la meno membamba kung'oa mba, huacha mikwaruzo midogo ambayo jicho haliioni. Rangi huiona. Ikipakwa hapo, kinachotokea ni kile kile kinachotokea ukikamua ndimu juu ya kidole kilichokatwa na kisu.

Rangi ya kudumu si maji ya kupaka juu kama rangi ya ukutani. Mkemia wa Kifaransa Eugène Schueller alipoanza kuuza rangi zake kwa wasusi wa Paris mwaka 1907, kemia aliyoitegemea ndiyo hiyo hiyo ambayo rangi nyingi za kudumu zinaitumia hadi leo. Amonia, au kitu kingine kinachofanya kazi kama yake, hufungua ganda la nje la unywele. Kisha haidrojeni peroksaidi hupausha rangi ya asili, na wakati huo huo huamsha chembe za rangi mpya zikaungana ndani ya unywele, zikawa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka. Shughuli hiyo yote hufanyika kichwani mwako kwa nusu saa au zaidi. Peroksaidi nayo ina nguvu tofauti. Chupa iliyoandikwa 20 ina asilimia 6. Iliyoandikwa 30 ina asilimia 9. Na ya 40 ina asilimia 12. Mteja ana haki ya kuuliza ni chupa ipi inayofunguliwa kwa ajili yake. Msusi anayeijua kazi yake hatakasirika kuulizwa.

Basi, kama ni rangi ya kudumu au ni blichi, nywele zioshwe siku moja au mbili kabla, zisioshwe asubuhi ya siku yenyewe. Mwenye miadi ya Jumamosi aoshe Alhamisi au mapema Ijumaa. Hapo kichwa kitakuwa safi, na ngozi itakuwa imepata muda wa kurudisha mafuta yake na kuponya mikwaruzo.

Tunajua kwamba baadhi yenu mmesikia ushauri mwingine, kwamba nywele chafu ndizo zinazoshika rangi vizuri, na kwamba mtu akae wiki nzima bila kuosha. Ushauri huo umesafiri kutoka mbali. Ulisemwa kwanza kwa watu wenye nywele zilizonyooka, ambao mafuta ya ngozi yao hutelemka yenyewe kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha. Nywele zetu zimejikunja; mafuta ya ngozi hubaki kwenye shina na ncha hukauka. Ndiyo maana tunapaka mafuta kwa mkono: ya nazi, ya mgando, ya kopo, na jeli ya kulaza nywele za pembeni. Mtu wa Nshamba au wa Kamachumu ambaye hajaosha kichwa kwa wiki nzima, kichwani mwake hamna mafuta ya ngozi peke yake. Mna mafuta ya kopo ya siku saba, moshi wa kuni, na vumbi jekundu la barabara iliyomleta kwa bodaboda. Rangi haiwezi kupenya hapo kwa usawa.

Ushahidi wa jambo hili mnao, na mmeuona saluni mara nyingi. Kabla ya kupaka rangi, msusi huchukua mafuta ya mgando na kuyapaka pembezoni mwa paji la uso, nyuma ya masikio na shingoni. Anafanya hivyo ili rangi isishike ngozi. Ikiwa mafuta ya mgando yanazuia rangi kwenye paji la uso, yatazuia rangi kwenye nywele pia. Anayekuja na kichwa kinachong'aa kwa mafuta amekwisha kuikinga rangi kabla haijafunguliwa.

Hivyo baada ya kuosha Alhamisi, acha mafuta mazito na jeli hadi Jumamosi. Tunafahamu kwamba ni siku mbili za kichwa kikavu, na kwamba Ijumaa mtu ana kazi au ibada ya kwenda. Funga kitambaa. Kama nywele zimekauka mno, kondishena nyepesi kidogo kwenye ncha inatosha. Isifike kwenye ngozi.

Sasa tuseme juu ya namna yenyewe ya kuosha, kwa kuwa hapa ndipo tulipokuta jambo ambalo hatukulitarajia. Tulikuwa tukidhani watu huosha asubuhi ya miadi kwa kutojua. Tulipozungumza na kina mama waliokuwa wakisubiri basi la kwenda Bukoba, tukagundua kwamba wengi huosha kwa haya. Mmoja alituuliza: “Nitakwendaje kumpa mtu kichwa kichafu akishike, waitu?” Ameamka alfajiri, maji ni baridi, shampuu haipo, ipo sabuni ya mche iliyobaki kwenye kufua. Anasugua kwa nguvu ili asiaibike mbele ya binti wa saluni. Haya ya namna hiyo ni adabu njema, na hatumcheki. Lakini imemfikisha saluni akiwa na ngozi iliyochubuliwa kwa ajili ya heshima.

Sabuni ya mche imetengenezwa kwa ajili ya nguo. Ina ukali wa magadi kupita ngozi ya kichwa inavyohimili, nayo hulifungua ganda la unywele na kuacha utando. Unywele ambao ganda lake limekwisha kufunguliwa na sabuni, kisha ukafunguliwa tena na amonia, ndio huo unaokatika unapochanwa wiki inayofuata. Kama shampuu haipo nyumbani, ni afadhali uoshe kwa maji matupu ya uvuguvugu Alhamisi, ufike hivyo hivyo, umwambie msusi. Tumia ncha za vidole, kucha zisihusike. Suuza mpaka maji yatoke safi. Acha zikauke. Basi.

Msusi naye amezoea. Kazi yake ni vichwa vya watu, na hakuna kichwa cha mtu aliyetoka Rubya kwa bodaboda kitakachomshangaza kwa vumbi. Vumbi la njiani hupanguswa kwa taulo lenye unyevu.

Wapo walio na sababu nyingine ya kuosha nyumbani, nayo ni shilingi. Saluni nyingine hutaja bei ya rangi peke yake, na mteja akishakaa kitini akavalishwa taulo, huambiwa kwamba kuosha kuna bei yake, kukausha kuna bei yake, na kondishena ina bei yake. Mtu aliyewahi kupatwa na hilo safari ijayo ataosha nyumbani ili aokoe fedha, na tunamwelewa. Lakini rangi haiwezi kukamilika bila kuoshwa. Ni lazima isuuzwe itoke. Kutaja bei ya rangi bila bei ya kuisuuza ni sawa na muuza chipsi kutaja bei ya viazi na kunyamaza juu ya mafuta. Ulizeni mapema, kwa simu au mlangoni: “Bei hiyo ni pamoja na nini?” Iwapo jibu lina maneno kama “tutaona” au “inategemea,” simameni hapo mlangoni mpaka yawe tarakimu.

Hayo ya siku moja au mbili ni ya rangi ya kudumu na blichi. Kwa rangi ya muda, ile isiyochanganywa na peroksaidi na inayotoka polepole kwa kuoshwa, habari ni tofauti. Hiyo hukaa juu ya unywele, kwa hiyo inataka nywele safi zisizo na mafuta, na aghalabu saluni huosha kwanza hapo hapo. Hina nayo hupakwa juu ya nywele safi. Dawa ya kulainisha nywele ni jambo jingine kabisa. Kila mwanamke aliyewahi kuweka dawa anajua kanuni yake: usioshe, usijikune, usichane kwa nguvu siku za karibu. Kanuni hiyo ni ya kweli, na bila shaka ndiyo iliyohamishiwa kwenye rangi kwa mazoea. Kuna wanaotaka dawa na rangi ya kudumu siku moja ili kuokoa nauli. Msikubali, hata msusi akisema anaweza. Dawa ikitangulia, zipite angalau wiki mbili ndipo rangi ifuate, na katikati nywele ziwe zimeoshwa vizuri.

Waliofumua rasta hivi karibuni wana la kwao pia. Nywele zilizokaa kwenye rasta miezi miwili zina ukoko kwenye mashina, na ngozi imevutwa. Mara nyingi kuna vidonda vidogo pembezoni mwa paji. Fumueni, mwoshe, mpumzike siku kadhaa. Rangi isipakwe juu ya kidonda, upele, ukurutu au utando wa fangasi. Hapo swali si kuosha tena, miadi iahirishwe.

Tunafika kwenye jambo ambalo kuosha, hata kwa ustadi wa namna gani, hakuwezi kulitatua. Rangi nyingi nyeusi na za kahawia zina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye kifungashio mara nyingi hufupishwa kuwa PPD. Kwa watu wengi haileti shida. Kwa baadhi mwili huikataa, na ukiikataa haufanyi mzaha: kichwa huwasha, malengelenge hutoka, kope huvimba hadi macho hufunga, na kwa wachache pumzi hubana. Mwili unaweza kuikubali miaka kumi na kuikataa mwaka wa kumi na moja. Kwa hiyo maneno “mimi nimezoea kupaka” hayamkingi mtu.

Marekani walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1933 iliuzwa huko rangi ya nyusi na kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali za jamii hii. Wanawake walipofuka. Sakata hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma kutungwa kwa sheria yao ya mwaka 1938 iliyoweka vipodozi chini ya usimamizi wa serikali. Karibu nasi zaidi, madaktari wa Sudan wameandika kwa miaka mingi juu ya wagonjwa waliodhuriwa na PPD, ambayo huko huchanganywa na hina ili rangi iwe nyeusi na ishike haraka. Mchanganyiko wa namna hiyo upo pia pwani yetu na umefika hadi huku: ni piko inayochorwa mikononi kabla ya harusi. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa au kahawia nyekundu. Ile inayotoa weusi wa makaa kwa muda mfupi imetiwa kitu. Mtu aliyechorwa piko akatokwa na vipele mkononi amekwisha kupewa onyo na mwili wake. Akipaka rangi nyeusi kichwani mwaka unaofuata, anaweza kulipata jibu kubwa zaidi. Amweleze msusi, hata kama harusi ilikwisha zamani.

Ndiyo sababu kuna jaribio la ngozi, nalo hufanywa saa 48 kabla ya kupaka. Kiasi kidogo sana cha rangi ile ile itakayotumika hupakwa upande wa ndani wa kiwiko au nyuma ya sikio, kadiri maelezo ya mtengenezaji yanavyoagiza, kisha pasiloweshwe wala kukunwa. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakivimba, rangi hiyo si yako. Pasipotokea kitu, hatari imepungua, haijakwisha kabisa.

Tunasikia minong'ono kutoka upande wa Muleba, na tunaielewa. Saa 48 maana yake ni safari mbili: nauli ya kwenda kujaribu na nauli ya kwenda kupaka. Tumelitafakari hilo. Njia ya kwanza ni kuomba jaribio siku unapokwenda mjini kwa shughuli nyingine, hata wiki moja au mbili kabla, ili mradi rangi itakayotumika baadaye iwe ya jina lile lile na namba ile ile ya rangi. Njia ya pili ni kununua kasha lako mwenyewe, ukafanya jaribio nyumbani kwa kufuata karatasi iliyomo ndani, kisha ukaenda nalo saluni. Hiyo inakupa faida nyingine: utakuwa umesoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwa macho yako. Na tazameni jinsi siku zinavyolingana. Mwenye miadi ya Jumamosi asubuhi anaosha Alhamisi mapema, ngozi ikikauka anafanya jaribio asubuhi hiyo hiyo, halafu anaacha vyote viwili vitulie. Safari ya kuosha na safari ya kujaribu zimekuwa siku moja, nyumbani kwake.

Kina baba msituache. Rangi hii mnaipaka pia, na kwa namna ambayo sisi tunaiogopa zaidi. Kinyozi anamaliza kunyoa ndevu na kuchonga pembe za paji kwa wembe, kisha papo hapo anapaka rangi nyeusi ili mvi zipotee na mstari uonekane. Ngozi iliyopitiwa na wembe dakika moja iliyopita ina mikwaruzo mingi kuliko kichwa cha mama aliyesugua kwa sabuni ya mche. Kama ni lazima mvi ziondoke, paka siku nyingine, au paka kabla ya wembe kupita. Tungeongeza kwamba mvi za mzee hazijawahi kumpunguzia heshima mbele ya watu wa Kagera, lakini hayo si maagizo ya ofisi.

Kuosha hakuondoi pia historia ya nywele. Poda nyeusi uliyopaka Pasaka bado imo, hata kama umeosha mara ishirini. Baadhi ya poda na rangi za bei nafuu zina chumvi za madini, na zinapokutana na peroksaidi zinaweza kuzalisha joto, kugeuza rangi kuwa ya ajabu na kukata nywele. Mficha uchi hazai. Mwambie msusi ulichopaka, lini, na kama kuna dawa ndani yake. Aliye makini atakata nywele chache nyuma ya kichwa azijaribu pembeni kabla ya kugusa kichwa kizima.

Kuhusu bidhaa zenyewe tutasema kwa kifupi. Rangi ya nywele ni kipodozi kisheria. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi umehamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa na kuwekwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Bidhaa nyingi hutufikia kwa meli na malori kutoka Mwanza, na nyingine huingia kutoka Uganda kupitia Mutukula. Kutoka Uganda si kosa. Bidhaa yenye alama halali ya ubora ya nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inatambuliwa hapa. Kosa ni bidhaa isiyojulikana ilikotoka. Tafuta jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Rangi iliyopimwa kwa kijiko ikatiwa kwenye kifuko kitupu haina kimojawapo, na ukidhurika hakuna daktari atakayeweza kujua ulipakwa nini. Vivyo hivyo saluni inayochanganya rangi nyuma ya pazia na kuja na bakuli tu. Omba kuliona kasha. Hata kama huwezi kusoma maandishi yake yote, lipige picha kwa simu.

Picha hiyo itakufaa endapo mambo yataharibika. Rangi inayowasha kidogo ni jambo la kawaida, inayochoma si ya kawaida, wala hupaswi kuvumilia “mpaka ishike.” Sema itolewe mara moja, kwa maji mengi ya uvuguvugu, bila kusugua. Uso ukianza kuvimba au pumzi kubana, acha mazungumzo ya fedha, nenda hospitali: aliye Bukoba aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, aliye Muleba aende Rubya, Ndolage au Kagondo, ile iliyo karibu zaidi. Nenda na kasha.

Mambo ya fedha yatafuata baadaye, nayo yana utaratibu. Piga picha ya kichwa siku hiyo hiyo, maana kesho kitakuwa kimebadilika. Tunza risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono. Uliyelipa kwa simu, usiufute ujumbe wa malipo. Rudi kwanza kwa mwenye saluni, ukiwa na mtu mmoja wa kushuhudia, useme unachokitaka: kurudishiwa fedha, gharama za matibabu, au kurekebishiwa. Wengi humalizana hapo. Ikishindikana, ofisi ya biashara ya halmashauri inaweza kuwasikiliza nyote wawili. Kama kiini ni bidhaa mbovu, taarifa iende Shirika la Viwango. Na kama umedanganywa juu ya bidhaa au huduma, ipo Tume ya Ushindani, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Na msusi akisema “uliosha” au “hukuosha,” mwulizeni kwa upole: ulimwambia nini alipoweka miadi? Anayetoa huduma kwa malipo ndiye mwenye ujuzi, na maelekezo ya maandalizi ni sehemu ya huduma anayoiuza. Mteja hawezi kulaumiwa kwa kutofuata agizo ambalo halikutolewa. Akiwa aliambiwa asioshe siku ile na akaosha, hapo mzigo ni wake, nasi tutamwambia hivyo bila kumpendelea. Kwa ajili hiyo tumewaomba wasusi waliopo hapa, na baadhi wamekubali, wawe wanatuma ujumbe mfupi wa simu kila mtu anapoweka miadi: oshe lini, asipake nini, afanye jaribio lini, na bei kamili ni kiasi gani. Ujumbe wa mistari minne. Desemba inakuja, wana wa Kagera wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Mwanza, harusi na vipaimara vitafuatana, na saluni zitajaa hadi usiku. Wakati huo hakuna msusi atakayekuwa na nafasi ya kueleza mdomo kwa mdomo, wala mteja atakayekuwa na subira ya kusikiliza.

Waliokuja na makasha ya rangi wanazotumia nyumbani wayalete hapa mezani, tuyasome pamoja. Yule mama aliyeleta kifuko kisicho na maandishi, tunaomba aanze yeye.